Gofu ya Baba, Bwawa la Mtoto: Hesabu ya Likizo kwa Familia ya Korogwe

Shule zikikaribia kufungwa mwezi wa sita, nyumba nyingi za Old Korogwe huwa na swali moja mezani: safari hii watoto tunawapeleka wapi? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kwa bibi, iwe Handeni, Muheza au juu Usambara, na jibu hilo halijapoteza thamani yake. Ila siku hizi wapo wazazi waliojaliwa kidogo wanaotamani hoteli ya kifahari yenye uwanja wa gofu, tenisi, mabwawa na chumba cha michezo ya watoto. Baba acheze, mama apumzike, watoto waogelee. Picha zinavutia, na bei inatisha.

Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka 6 na mdogo wake 3. Baada ya kuulizia bei na kulala katika baadhi ya hoteli za namna hii, nimefikia jambo moja ambalo nalisema mapema kwa faida ya msomaji mwenye haraka: katika hoteli ya michezo, fedha nyingi unalipia uwanja. Maji ya kumwagilia nyasi, mashine za kukata, mishahara ya watunzaji wa uwanja, vyote vimo ndani ya bei ya chumba chako, ucheze usicheze. Kabla ya kuuliza chumba ni shilingi ngapi, kaeni kwanza nyumbani mjiulize: kati yetu, nani atacheza?

Saa za gofu, saa za mama

Raundi moja ya mashimo 18 huchukua saa 4 hadi 5. Mkilala usiku 3 mnapata siku 2 kamili. Baba akicheza siku zote mbili, mama atakaa peke yake na watoto kwa saa 8 mpaka 10 za mchana. Mtoto mdogo haendi naye uwanjani, kwa sababu mpira wa gofu ni mgumu na huruka kwa kasi ya kumjeruhi mtu mzima, sembuse mtoto.

Hapo ndipo hoteli inapopimwa. Uzuri wa nyasi hauwasaidii waliobaki nyuma. Wanahitaji bwawa la kina kifupi lenye kivuli, mtu wa kulinda bwawa, chumba cha michezo chenye mlezi, na jikoni inayokubali kupika uji saa kumi na mbili asubuhi. Hoteli ikikosa hivyo, umemlipia mwenzio likizo ya kulea watoto mbali na nyumbani.

Njia tatu za gofu kutoka Korogwe

Ya kwanza ni Kili Golf, karibu na Usa River mkoani Arusha. Ni uwanja wa mashimo 18 ndani ya eneo kubwa lililotengewa pia wanyamapori na mchezo wa polo, na mawingu yakipisha unaiona milima ya Meru na Kilimanjaro. Kutoka Korogwe ni kama kilomita 330. Kwa gari dogo, ukiheshimu vibao vya kilomita 50 kwa saa katika kila kijiji kuanzia Mombo hadi Himo, ni safari ya saa 6 au zaidi, na watoto watataka kushuka mara nne. Faida yake ni kwamba hakuna mpaka wa kuvuka, na Hifadhi ya Taifa ya Arusha ipo jirani. Katika hifadhi zetu za taifa mtoto wa chini ya miaka 5 halipi kiingilio, na wa miaka 5 hadi 15 ana kiwango chake cha chini. Upungufu ni kwamba hakuna bahari. Mzazi asiyecheza atategemea bwawa na matembezi.

Ya pili ni Diani, pwani ya kusini ya Kenya, iliko Leisure Lodge yenye uwanja wake wa mashimo 18. Wengi hapa kwetu huiona Diani kuwa mbali kwa sababu ni nchi nyingine. Tuipime. Korogwe hadi Segera, Segera hadi Tanga, Tanga hadi Horohoro, kisha Lunga Lunga hadi Ukunda: zote pamoja hazifiki kilomita 250. Diani iko karibu nasi kuliko Arusha, na mpaka wa Horohoro una kituo cha pamoja cha huduma, kwa hiyo taratibu za nchi zote mbili unazimaliza sehemu moja.

Gharama ya Diani iko kwenye karatasi. Mtanzania hahitaji viza kuingia Kenya, lakini kila mtoto, hata wa kubebwa, anatakiwa awe na hati yake. Pasipoti ni Sh 150,000 kwa mtu, hivyo familia ya watu 4 isiyo nazo italipa Sh 600,000 kabla ya kuwasha gari. Hati ya dharura ya safari ni Sh 20,000, jumla Sh 80,000. Kama hamna mpango wa safari nyingine karibuni, hati ya dharura inatosha. Ongezeni kadi za chanjo ya homa ya manjano, bima ya gari inayotambulika nje ya nchi, na barua ya ridhaa ikiwa mzazi mmoja hasafiri. Jambo hili la mwisho husahaulika, na ni kwa usalama wa watoto wetu wenyewe.

Ya tatu ni Zanzibar, kwenye hoteli ya Sea Cliff yenye uwanja wa mashimo 9 kaskazini mwa mji. Mashimo 9 huisha kwa nusu ya muda, na kwa mwenye watoto hiyo ni faida kubwa. Lakini kutoka Korogwe ni basi hadi Dar es Salaam, boti, kisha gari tena, au kusubiri siku ya meli inayotoka Tanga kupitia Pemba. Kwa usiku 3, siku mbili zitaishia njiani. Zanzibar nenda ukiwa na wiki nzima.

Bei iliyotangazwa na bei utakayolipa

Hoteli nyingi za kifahari hutangaza bei kwa mtu mmoja kwa usiku, na jicho la mzazi huisoma kama bei ya chumba. Tufanye mfano. Tarakimu ni zangu za kufundishia, wewe weka ulizotajiwa.

Tuseme tangazo linasema Sh 250,000 pamoja na kifungua kinywa na chakula cha usiku. Wazazi wawili ni 500,000. Mtoto wa miaka 6 akilipa nusu ni 125,000. Wa miaka 3 akilipa robo ni 62,500. Dada wa kazi mnayekwenda naye, ambaye hoteli humhesabu kuwa mtu mzima wa ziada, tuseme 200,000. Usiku mmoja umekuwa 887,500, na usiku 3 ni 2,662,500. Kama kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 haikuwemo, jumla inapanda hadi Sh 3,141,750. Na mpira bado haujapigwa. Ada ya uwanja, kukodi fimbo na kumlipa kedi, yaani mbeba fimbo, vikifika, tuseme, 190,000 kwa raundi, raundi mbili ni 380,000 zaidi.

Sasa tulinganishe na nyumba ndogo ya vyumba viwili inayokodishwa nzima, tuseme kwa Sh 300,000 kwa usiku. Usiku 3 ni 900,000, watu wote watano wamelala. Chakula cha 120,000 kwa siku kinafanya 360,000. Jumla ni Sh 1,260,000. Tofauti na ile hoteli, hata bila gofu, ni zaidi ya milioni moja na laki nane. Kwa wengi wetu hiyo ni ada ya shule.

Nipo makini na hesabu hii kwa sababu niliwahi kuumia. Katika hoteli moja ya pwani tulilipia chakula cha usiku kwa watu wote. Tulipofika tukaambiwa meza hufunguliwa saa moja na nusu. Saa moja kamili mdogo alikuwa amelala na mkubwa anasinzia kwenye kiti. Usiku zote tatu tulilipia sahani ambazo hazikuguswa, na watoto walikula ndizi na mkate tulionunua njiani. Tangu siku hiyo, kwa watoto wa chini ya miaka 5 nalipia kifungua kinywa tu.

Majira ya pwani

Likizo ya Juni huangukia wakati wa kusi. Upepo ni mkali, bahari imechafuka, na ufukwe wa Diani huweza kujaa mwani. Desemba kaskazi inaanza na maji hutulia, ila mwishoni mwake bei hupanda kwa sababu ya Krismasi na mwaka mpya. Anayetaka bei nafuu na bahari njema atafute wiki za mwanzo za Desemba, mara shule zinapofungwa.

Tazama pia mwezi angani. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3. Mnaweza kufika saa nne asubuhi mkute maji yamekwenda mbali na miamba iko wazi, yenye ncha na viumbe vya miiba. Kwa saa hizo bwawa ndilo bahari ya mtoto. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo na watoto hupata muda mrefu zaidi wa kuogelea.

Yaliyo karibu nasi

Kama hakuna mchezaji wa gofu nyumbani, au yupo lakini watoto bado wadogo, tuna njia mbili ambazo hazivuki hata mkoa wetu wa Tanga.

Lushoto haifiki kilomita 80. Unapita Mombo, unapanda kona kama kilomita 33, na joto la Korogwe unaliacha bondeni. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Irente kuna nyumba za wageni, shamba la jibini na mkate, na njia ya kutembea hadi ukingo wa mlima ambako mtoto anaiona barabara ya Arusha imekuwa uzi. Juni na Julai baridi ni kali, kwa hiyo fedha mliyookoa kwenye gofu nunueni masweta. Na pale ukingoni mshikeni mtoto mkono, kwani ni poromoko la kweli.

Ushongo, kusini ya mji wa Pangani, ni kama kilomita 125 kupitia Muheza. Hoteli zake ni ndogo, ziko mchangani, na nyingi ni mabanda ambayo familia hulala pamoja. Kutoka hapo boti huenda kisiwa cha Maziwe maji yakipwa, na wanakijiji wamekuwa wakilinda viota vya kasa katika ufukwe huo. Kwa mtoto wa Old Korogwe kuna jambo jingine: mto anaouona kila siku nyumbani ndio huu wa Pangani unaoingia baharini hapa jirani. Wangu mkubwa alisimama mdomoni mwa mto akauliza kama maji yale yalipita kwetu. Nilimwambia ndiyo, yamepita.

Popote mtakapolala, kumbukeni malaria. Sisi ambao wilaya yetu ilikuwa mojawapo ya vituo 11 barani Afrika vilivyojaribu chanjo ya RTS,S kwa watoto, tunajua uzito wake. Chanjo hiyo ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, lakini haiondoi chandarua. Hoteli yenye nyota tano isiyo na chandarua kitandani haimfai mtoto.

Uliza kabla ya kulipa

Piga simu mwenyewe, kisha omba majibu kwa maandishi.

- Bei ni ya mtu au ya chumba, na kodi zote zimo?
- Kuna bei ya mkazi? Kwa hoteli za Tanzania, taja shilingi: kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni.
- Mtoto analala bure hadi miaka mingapi, na kitanda chake kinalipiwa?
- Dada wa kazi analipa kiasi gani, na analala wapi?
- Bwawa la watoto lina kina gani, na lina mlinzi saa zipi?
- Chumba cha michezo kinapokea watoto wa umri gani? Vingi havipokei wa chini ya miaka 3 au 4 bila mlezi.
- Jikoni itapika chakula cha mtoto saa ngapi?
- Hospitali ya karibu iko umbali gani, na usiku kuna gari?

Ukisikia kigugumizi kwenye maswali ya bwawa na hospitali, tafuta hoteli nyingine.

Uamuzi wangu

Watoto wakiwa chini ya miaka 5, msilipie uwanja. Nendeni Lushoto au Ushongo, na mkae usiku mmoja zaidi kwa fedha mliyookoa.

Watoto wakiwa kati ya miaka 5 na 8, na mzazi mmoja anacheza, chagueni Diani. Ni karibu, na asiyecheza ana bahari na bwawa. Mchezaji ajifunge raundi moja tu, aanze alfajiri, na saa tano awe amerudi kwa watoto.

Wazazi wote wawili wakicheza, na watoto wakiwa wamefika umri wa kushika fimbo, Kili Golf ndiyo itakayowarudishia thamani ya fedha yenu. Hapo mtalipia uwanja na familia nzima itautumia.

Kabla ya safari, chukueni karatasi muandike jina la kila mtu wa nyumbani, na mbele yake atakachofanya kila siku asubuhi na jioni. Mkiona jina la mama lina neno moja tu, kulea, badilisheni hoteli.