Pesa ya Ndugu, Jina la Nani?
Mambo ya kupatana kabla ya kununua ploti kwa pesa ya kusaidiwa



Ni watu wachache siku hizi wanaoweza kununua mahali pa kujenga kwa pesa ya mfuko mmoja. Mama anaweka akiba kwenye chama, kaka yake aliye mjini anaongeza, binti aliye kazini Ghuba anatuma, na marafiki wanafanya harambee. Hii ni desturi nzuri na imejengea watu wengi nyumba.

Lakini pesa hizo hizo zimevunja jamaa nyingi. Ploti ikishanunuliwa na nyumba kusimama, mmoja anakuja kusema, "Hapa na mimi niko na haki, nilitoa pesa." Mwingine anajibu, "Wewe ulinisaidia tu." Mara nyingi hakuna anayesema uongo. Siku pesa ilipotolewa hawakuulizana ni pesa ya namna gani.

Tuseme ploti inauzwa shilingi 600,000. Mama mmoja ana akiba yake 250,000. Kaka yake anampa 200,000, dada yake 100,000, na kikundi chake kinamchangia 50,000. Hesabu imetimia. Je, ploti hiyo ni ya nani? Hati ya shamba, ile tunayoita taito, haionyeshi nani alitoa ngapi. Inaonyesha majina ya walioandikishwa tu. Kwa hiyo swali hili lijibiwe kabla pesa haijafika kwa muuzaji.

PESA NI ZA NAMNA TATU

1. Zawadi. Mtu ametoa na hatarajii kurudishiwa. Zawadi iliyokwisha kutolewa na kupokelewa kwa kawaida haidaiwi tena, na aliyetoa hapati sehemu ya ploti. Kama kaka alitoa zawadi, hawezi kuja baada ya miaka mitano kupanda miti kwenye kona yake.

2. Mkopo. Pesa itarudishwa. Anayedai anadai pesa, si ardhi. Pataneni ni kiasi gani, italipwa lini na kwa mafungu gani. Mkopo usio na tarehe huanza kuitwa zawadi na aliyekopa, na huanza kuitwa sehemu na aliyekopesha.

3. Sehemu. Mtu ametoa kwa sababu anataka kuwa mwenye ploti pamoja nawe. Huyu lazima jina lake liandikwe kwenye hati, na sehemu yake itajwe. Kwa Sheria ya Uandikishaji Ardhi ya mwaka 2012, watu wawili wanaweza kumiliki kwa pamoja hivi kwamba mmoja akifa, ardhi yote inabaki kwa aliye hai. Lakini bila ruhusa ya korti, umiliki wa namna hii ni wa mume na mke tu. Ndugu au marafiki wakinunua pamoja, kila mmoja huwa na hisa yake, na akifa hisa hiyo huenda kwa warithi wake. Fikirini jambo hili vizuri. Leo unanunua na kaka yako mnayeelewana. Kesho unaweza kujikuta na watoto wake ambao hamjawahi kuketi pamoja.

ALIYE MBALI NA ALIYE NYUMBANI

Kuna hatari nyingine tunayoiona sana. Kijana anafanya kazi Nairobi, au Saudia, au Qatar. Kila mwezi anatuma pesa kwa ndugu yake ili amnunulie shamba. Ndugu ananunua kweli, lakini anaandikisha jina lake mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyekuwa hapo siku ya kutia sahihi. Kijana anarudi na kukuta yeye ni mgeni.

Korti inaweza kukubali kwamba aliyeandikishwa anashikilia tu mali ya mwenziwe, lakini lazima mtu athibitishe. Kesi kama hiyo huchukua miaka na hula pesa ambayo ingejenga nyumba. Njia nyepesi ni kuandikisha jina la mwenye pesa tangu mwanzo. Aliye mbali anaweza kumpa mtu anayemwamini mamlaka ya kumtilia sahihi, kwa karatasi iliyotengenezwa na wakili na kuandikishwa. Anayetia sahihi kwa niaba ya mwingine hawi mwenye shamba.

MUME NA MKE

Kama baba yako au kaka zako wamekupa pesa na wewe una mume au mke, msimfiche mwenzio. Kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, mali ya ndoa iliyoandikwa jina la mmoja huchukuliwa kwamba anaishikilia pia kwa ajili ya mwenzake, mpaka ithibitishwe vingine. Na mchango si pesa peke yake. Kulea watoto, kazi za nyumbani na kulima shamba la jamaa pia ni mchango. Kwa hiyo andikeni pesa ilitoka upande gani, na ilitolewa kwa mmoja wenu au kwa ninyi wawili.

ANDIKENI

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Barua ya zawadi haihitaji maneno magumu. Yatosha kuandika hivi:

"Mimi ______, kitambulisho namba ______, leo tarehe ______ nimempa dada yangu ______ shilingi 200,000 za kununua ploti namba ______. Ni zawadi. Sitadai pesa hizi, wala sehemu ya ploti."

Kama ni mkopo, badala ya maneno ya zawadi andikeni siku na namna ya kulipa. Watie sahihi wote wawili, na mashahidi wawili wasio wa nyumba moja. Kila mmoja abaki na nakala. Pesa ikitumwa kwa M-Pesa au benki, tunzeni ujumbe na risiti, na kiasi na tarehe mviandike pia kwenye daftari, maana simu huibwa na hupotea. Ujumbe wa simu unaonyesha pesa ilienda. Hauonyeshi ilikwenda kama zawadi au kama mkopo.

Kikundi kikimchangia mwanachama, katibu aandike kwenye kumbukumbu za mkutano: ni msaada, au ni mkopo wa chama? Neno hilo moja litawaokoa siku viongozi watakapobadilishwa.

PESA YA WATU ISIPOTEE

Ukiwa umebeba pesa ya ndugu, una deni la kuwa mwangalifu kuliko anayetumia yake. Fuata hatua hizi:

Kwanza, fanya sachi katika ofisi ya ardhi kabla ya kulipa hata shilingi moja. Itaonyesha mwenye shamba ni nani, na kama kuna mkopo wa benki au zuio. Nenda pia uone ploti kwa macho, na uwaulize majirani nani anakaa hapo na kwa nini.

Pili, mapatano ya kununua yawe ya kuandikwa. Sheria ya Mikataba inataka pande zote zitie sahihi, na kila sahihi iwe na shahidi aliyekuwapo. Kupeana mikono mbele ya wazee hakutoshi.

Tatu, kama ni shamba la kilimo, ombeni kibali cha bodi ya ardhi ndani ya miezi 6 tangu mapatano. Bila kibali, mapatano hayo huwa bure. Sheria inakuruhusu kudai pesa yako kama deni, lakini kumdai mtu aliyekwisha kula pesa si kazi rahisi.

Nne, tengeni pesa ya gharama. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 ya thamani mashambani na asilimia 4 mijini. Kwa ploti yetu ya 600,000, hiyo ni 12,000 au 24,000, mbali na wakili na ada nyingine. Watu wengi humaliza mchango wote kwa muuzaji, na hati inabaki na jina lake miaka na miaka. Akifa, mnaanza upya na watoto wake.

Wengine wataona aibu kumwambia ndugu, "Tuandikiane." Wanadhani ni kumkosea heshima. Lakini aibu hiyo ni ya siku moja, na ugomvi wa shamba hurithiwa na watoto. Anayekupa kwa moyo mweupe hatakataa kutia sahihi kwamba amekupa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika chama chetu, pesa tunazochangiana ni msaada au mkopo? Imeandikwa wapi?
2. Ni nani kati yetu aliyesaidiwa kununua ardhi na hajaandikiana na aliyemsaidia? Bado wote wako hai?
3. Ni nani hapa aliyelipa ploti yote lakini hati bado ina jina la muuzaji? Kikundi kinaweza kumsaidiaje kumaliza?