Si Kila Alama ya Ngozi Ni Gale



Kila asubuhi watu wanakaa kwenye benchi mbele ya chumba chetu cha kupima wagonjwa. Wengine wanatoka hapa Lusangi, wengine njia ya Kasongo, wengine wametembea siku nzima toka upande wa Kabambare. Nikiuliza, "Baba, shida gani?" mwenye ugonjwa wa ngozi anajibu neno moja tu: "Niko na gale." Mwenye vipele anasema gale. Mwenye madoa anasema gale. Mwenye malengelenge na homa, naye anasema gale.

Siku moja, miaka kadhaa iliyopita, baba mmoja alifika na vidole vilivyoungua vibaya. Alikuwa ameinua sufuria jikoni. Nikamwuliza, "Baba, kwa nini hukuachilia?" Akajibu, "Mama, sikusikia moto." Nikamwomba avue shati. Mgongoni na kwenye mkono alikuwa na madoa yenye rangi hafifu kuliko ngozi yake. Alisema, "Hiyo ni gale tu. Niko nayo miaka miwili. Walinipa pomadi." Kule alikopewa pomadi alisema gale, na aliyempokea aliandika gale. Hakuna aliyemwuliza: "Inawasha?" Haikuwasha hata siku moja. Ilikuwa ukoma.

Ugonjwa wake uliponywa. Lakini vidole vyake havikurudi kusikia. Ndiyo sababu ninaandika karatasi hii: jina lisilo sawa linaweza kumpotezea mtu mkono.

1. NGOZI INAFANYA KAZI GANI?

Ngozi si nguo tu ya mwili. Inazuia uchafu na vijidudu visiingie. Inatoa jasho ili mwili upoe. Rangi yake nyeusi inatukinga na jua kali. Na ndani yake mna mishipa midogo ya fahamu, inayotupa habari ya moto, baridi, mwiba na mguso. Mishipa hiyo ikifa, mtu anaungua bila kujua, anakanyaga msumari bila kujua. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

2. MAJINA YA ALAMA

Usianze na jina la ugonjwa. Hiyo ni kazi ya muganga. Wewe sema kile unachoona na kusikia. Haya ni maneno ya kukusaidia:

DOA: rangi imebadilika, lakini ukipitisha kidole husikii mlima wala shimo.

KIPELE: kamlima kadogo kagumu, kama punje ya mpunga au ndogo zaidi.

LENGELENGE: kamlima kenye maji ndani, kama pale mtu anaporukiwa na mafuta ya moto.

KIPELE CHA USAHA: maji ya ndani yamegeuka kuwa usaha.

KINUNDU: donge lililo ndani ya ngozi au chini yake. Ukibonyeza unalisikia.

MAGAMBA: ngozi kavu inabanduka kidogokidogo, kama magamba ya samaki.

KIGAGA: kifuniko kikavu juu ya kidonda.

KIDONDA: ngozi imefunguka, nyama inaonekana.

KOVU: alama inayobaki kidonda kikiisha kupona.

Ninyi wanafunzi wa shule ya uuguzi mnayajifunza haya kwa Kifaransa, na ni vizuri. Lakini mama anayekuja na mtoto hakusoma kitabu chenu. Mwulizeni kwa maneno anayoyatumia nyumbani kwake, kisha mwandike kwenye fishi yale aliyosema na yale mliyoona. Msiandike jina la ugonjwa kabla ya kutazama.

Neno lingine kwa ajili yenu: vitabu vingi viliandikwa na watu waliotazama ngozi nyeupe. Vinasema, "Ngozi inakuwa nyekundu." Kwenye ngozi yetu wekundu huo unaonekana kama weusi uliozidi, au hauonekani kabisa. Basi tumieni mkono: je, pale pana joto? Pamevimba? Pamekuwa pagumu? Tazameni pia ndani ya kinywa, ndani ya kope la chini na kwenye viganja, kwenye mwangaza wa jua, si gizani.

3. MASWALI MANNE

Alama yoyote ikitokea, jiulize:
a) Inawasha, inauma, au haisikii kitu?
b) Ilianza lini, na ilianza wapi mwilini?
c) Kuna homa?
d) Nani mwingine nyumbani iko nayo?

Majibu ya maswali haya manne yanamsaidia muganga sana. Sasa tutazame magonjwa kwa kuyafuata.

4. INAWASHA SANA

Gale yenyewe, ambayo kwa Kiswahili inaitwa UPELE, inaletwa na mdudu mdogo sana. Jike lake linachimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai. Linapenda katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni, makalioni na sehemu za siri. Kwa mtoto mchanga hata kichwani na kwenye nyayo. Inawasha zaidi usiku, na mara nyingi watu wawili watatu wa nyumba moja wanajikuna.

Mtu aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki kadhaa bila kuwashwa, lakini wadudu wako naye tayari. Kwa hiyo ukimtibu mtoto mmoja na kuwaacha wengine, umefanya kazi bure. Watu wote wa nyumba wapake dawa siku moja. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Usishangae kama kuwashwa kunaendelea wiki mbili au zaidi baada ya dawa. Usirudie dawa kila siku, inachoma ngozi.

CHOA pia inawasha. Ni doa la mviringo lenye magamba pembeni, katikati pamepona kidogo. Kichwani tunaiita MAPUNYE, na nywele zinakatika. Hiyo ni kuvu, si mdudu. Dawa ya gale haiiponyi.

Kuna tena kuwashwa kwa miaka mingi, ngozi ikawa ngumu kama ya mzee, na miguuni mbele ikapoteza rangi kwa madoa kama chui. Pengine na vinundu kwenye mfupa wa nyonga. Huo ni ugonjwa wa ONCHO, unaoletwa na kijinzi cheusi kinachozaliana kwenye maji yanayokimbia. Mwishowe unaweza kupofusha macho. Vidonge vya ivermectin vinaua watoto wa mnyoo, lakini mnyoo mkubwa unaendelea kuishi miaka mingi. Ndiyo sababu wanaogawa dawa wanarudi tena na tena. Dawa hiyo inatolewa bure tangu mwaka 1987. Usiseme, "Nilikunywa mwaka jana, inatosha."

5. HAIWASHI, HAIUMI, HAISIKII

Hapa uwe macho sana. Sisi binadamu tunakimbilia hospitali kwa sababu ya maumivu. Doa lisilouma tunaliacha. Lakini doa lisilosikia ndilo la kuogopa.

UKOMA unaletwa na kijidudu ambacho daktari Hansen wa Norway alikiona mwaka 1873. Kinakula mishipa ya fahamu polepole. Miaka mitano, hata ishirini, inaweza kupita kati ya kuambukizwa na kuonekana kwa doa. Doa lina rangi hafifu au kama ya shaba. Pengine nywele na jasho vinapotea pale. Mtu mwingine hana doa wazi, ila uso na masikio yanavimba, vinundu vinatokea.

Muganga atakwambia ufumbe macho. Atakugusa kwa uzi wa pamba, nawe utaonyesha kwa kidole alipokugusa. Kama ngozi nyingine inasikia na doa halisikii, amepata jibu. Usijipime mwenyewe kwa moto wala kwa sindano! Na si kila doa jeupe ni ukoma. MBA inaleta madoa meupe kifuani na mgongoni, lakini pale mtu anasikia vizuri.

Wengi wanaogopa jina hili kwa sababu ya Mambo ya Walawi 13. Someni vizuri. Neno tunalosoma pale kama ukoma lilibeba magonjwa mengi ya ngozi, hata alama juu ya nguo, na katika sura ya 14 hata ukuta wa nyumba. Ukuta haushikwi na kijidudu cha Hansen. Basi tusimfukuze mwenzetu kwa neno ambalo halikuwa jina la ugonjwa mmoja. Lakini tuangalie jambo jingine pale: kuhani hakukata neno kwa haraka. Alitazama, akangoja siku saba, akatazama tena.

Leo ukoma unapona kabisa. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani linashauri kuchanganya dawa pamoja. Mgonjwa anameza kwa miezi sita au kumi na miwili, bila kulipa. Dawa moja inaweza kufanya ngozi kuwa nyeusi zaidi kwa muda. Hiyo si sumu, wala si uchawi. Akianza dawa, upesi haambukizi tena. Anaweza kula na kulala nyumbani kwake pamoja na watoto wake. Ugonjwa huu haujaisha: Kongo ni moja ya nchi ambazo bado zinapata wagonjwa wapya zaidi ya elfu moja kila mwaka.

6. ALAMA PAMOJA NA HOMA

SURUA inaanza na homa, kikohozi, mafua na macho mekundu. Siku chache baadaye vipele vinatokea usoni na nyuma ya masikio, kisha vinashuka mwilini. Mtu asikwambie kwamba vipele "vikitoka vizuri" mtoto amepona. Kinachoua ni mapafu, kuhara na njaa. Wazee wa Kasongo wanakumbuka chanjo ya surua ya miaka ya 1970. Hesabu ya madaktari wa mradi wa Kasongo juu ya watoto waliochanjwa ilichapishwa mwaka 1981 na kusomwa duniani. Lakini pale chanjo inapolegea, surua inarudi. Mlipuko wa 2019 uliua zaidi ya watu 6,000 katika Kongo, na wengi walikuwa watoto.

MPOX inaleta homa, uvimbe wa tezi shingoni au kinenani, na alama ambazo mara nyingi zinafika hata viganjani na kwenye nyayo. Alama zinabadilika kwa utaratibu: doa, kipele, lengelenge, usaha, kigaga. Mara nyingi zile za sehemu moja zinafanana. Kwa TETEKUWANGA unaona mchanganyiko: lengelenge hapa, kigaga pale, na viganja mara nyingi ni safi. Unaona faida ya maneno yetu ya kwanza?

Mtu wa kwanza kujulikana na ugonjwa huu alikuwa mtoto wa Basankusu, mwaka 1970. Jina la zamani lilitaja nyani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilichagua jina la mpox, kwa sababu lile la zamani lilitukanisha watu. Hapa Maniema, katika hospitali ya Tunda, na kule Kole katika Sankuru, dawa ya tecovirimat ilijaribiwa kwa wagonjwa karibu 600. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024: dawa haikuponya alama haraka zaidi. Lakini waliolazwa na kutunzwa vizuri, hata wale wasiopewa dawa hiyo, walikufa wachache kuliko ilivyozoeleka. Maana yake, usimfiche mgonjwa nyumbani. Maji, chakula, usafi wa vidonda na jicho la muganga vinaokoa.

7. FANYA HIVI

- Tazama ngozi ya watoto wako wote mara moja kwa mwezi, mbele na mgongoni, mchana.
- Sema unachoona: doa, kipele, lengelenge, kidonda. Sema kama inawasha au haisikii.
- Kwa doa lisilosikia, au alama pamoja na homa, usingoje. Njoo.
- Usinunue tube sokoni kwa kusikia jina tu. Nyingi zina dawa inayotuliza kuwasha kwa wiki moja, huku kuvu inaenea chini yake. Na pomadi za kujichubua zinaharibu ngozi.
- Usipake maji ya betri, mafuta ya gari wala majivu ya moto.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Doa na kipele vinatofautianaje?
2. Kwa nini watu wote wa nyumba watibiwe upele siku moja?
3. Doa gani ni la hatari zaidi: linalowasha au lisilosikia? Kwa sababu gani?

Siku utakapokaa kwenye benchi letu, usituambie "gale" tu. Tuambie ngozi yako inafanya nini. Nasi tukikosa kukuuliza, tukumbushe: "Mama, hujaniuliza kama inawasha."