Mstari mmoja hadi 29: vinara wa majina ya watoto Japani

Mwaka 2024 walizaliwa Wajapani takriban 686,000 nchini mwao, wachache kuliko mwaka wowote uliotangulia tangu hesabu hiyo ianze kuwekwa mwaka 1899. Hata hivyo wanatosha kuujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa mara 11! Wazazi wana siku 14 za kumsajili mtoto. Haya, tuwapange washindi.

1. Ghala kubwa kuliko yote
Kiswahili kinajitosheleza kwa herufi 24. Mzazi wa Kijapani anachagua kati ya kanji (alama za maandishi yao) 2,999: za matumizi ya kila siku 2,136, na 863 zilizoongezwa kwa ajili ya majina. Nyongeza ya kwanza, mwaka 1951, ilikuwa na 92 tu. Ndiyo maana Haruto, jina linalopendwa mno kwa wavulana, lina sura nyingi. Huyu anaandikwa kwa jua na kupaa angani, yule kwa anga iliyotakata na kupaa, na mwingine kwa utulivu na kata ya kuchotea. Ukiwaita uwanjani, wote wanageuka.

2. Jepesi na zito
Hajime, yaani mwanzo, huweza kuandikwa 一. Mstari mmoja, basi! Ndivyo alivyoandikwa Saitō Hajime, mpiga upanga mashuhuri wa karne ya 19. Upande wa pili iko 鬱, mistari 29, iliyoingia kwenye orodha mwaka 2010. Kisheria ni ruksa kumpa mtoto, ila maana yake ni msononeko. Anayetaka uzito wenye heshima ana kanji ya kipanga, mistari 24.

3. Refu kupita kiasi
Hapa hakuna mpinzani: Jugemu, mtoto wa hadithi za jukwaani ziitwazo rakugo. Baba aliomba jina la maisha marefu, akatajiwa mengi, akayabeba yote. Zaidi ya herufi 100 za hiragana, maandishi ya silabi ya Kijapani! Jugemu anampiga mwenzake, mwenzake anakuja kushtaki, na kila mtu nyumbani analitaja jina zima. Wakimaliza, nundu kichwani imeshanywea.

4. Bingwa wa hesabu
Kwangu mimi huyu ndiye kinara wa vinara. Mwaka 1884 mzee wa miaka 56 alipata mtoto wa kiume, akamwita Isoroku, yaani hamsini na sita. Umri wa baba ukawa jina la mwana! Ndiye Admirali Yamamoto Isoroku, aliyepanga shambulio la Pearl Harbor mwaka 1941.
Taifa zima nalo liliwahi kuhesabu kwa majina. Enzi ya Taishō ilipoanza mwaka 1912, jina la kiume lililoongoza lilibeba kanji ya pili ya jina la enzi hiyo pamoja na moja. Mwaka 1913 likaongoza lenye mbili, na 1914 lenye tatu.

5. Utawala mrefu
Kwa zaidi ya miaka 30, hadi katikati ya miaka ya 1950, majina yote kumi bora ya wasichana yaliishia na -ko, yaani mtoto. Kazuko alitamba kuliko wote. Lakini ikulu haishindiki: -hito ya majina ya wanaume wa ukoo wa kifalme, yenye kanji ya utu na huruma, ilianza na Mfalme Seiwa wa karne ya 9, na iko mpaka leo kwa Mfalme Naruhito.

6. Lililozua kesi
Mwaka 1993, huko Akishima, Tokyo, baba mmoja alitaka mwanawe aitwe Akuma, yaani Shetani. Kanji zote mbili zilikuwa kwenye orodha! Manispaa ikakataa, shauri likafika mahakama ya familia, na mwishowe mtoto akapewa jina lingine. Tangu tarehe 26 Mei 2025 sheria inadai pia matamshi ya jina yaandikwe kwenye daftari la familia, na yawe yanakubalika kwa kanji zake. Anayetaka kuandika mwanga na anga kisha asome Pikachu, yule mhusika wa katuni, sasa ajiandae kujieleza dirishani.