Grafu ya Excel imegoma kuingia Access? Anzia hapa

Umepewa kazi ya kuhamisha rekodi za chama kutoka Excel hadi Access, umebonyeza vitufe vyote, halafu ile grafu yako safi ya michango haionekani popote. Tulia, msee. Haijapotea, haikusafiri kabisa. Access huchukua kilichoandikwa ndani ya seli tu, na grafu ni mchoro uliokaa juu yake. Ingiza data, kisha uchore grafu upya humo ndani, kwenye fomu au ripoti.

Kizaazaa chenyewe kiko kwa data. Access hutazama mistari michache ya mwanzo na kukisia kama safu ni ya namba au maandishi. Sasa fikiria safu ya michango imeanza na 500, 500, 1,000, halafu huko chini mweka hazina akaandika "atalipa Ijumaa". Seli hiyo itaingia ikiwa tupu. Utaachiwa jedwali geni ambalo jina lake linaishia na ImportErrors. Wengi hulifuta wakidhani ni takataka. Wewe lifungue, maana linakutajia safu na mstari wenye shida. Mama mboga akikosa mchango wake kwenye ripoti, hataki kusikia hadithi za programu.

Namba za simu nazo! Excel ikidhani ni hesabu, inakula sufuri ya mbele. Geuza safu iwe ya maandishi kabla hujaandika namba. Ukigeuza baadaye, sufuri iliyoliwa hairudi yenyewe.

Tarehe pia huleta noma. Kompyuta iliyowekwa mtindo wa Marekani husoma 03/04 kama Machi 4, na wewe ulimaanisha Aprili 3. Na ukiona tarehe zote zimerudi nyuma miaka minne, usidhani umerogwa. Faili hiyo inahesabu siku kuanzia 1904, mtindo wa Excel za Mac za zamani. Dawa ni kuongeza siku 1,462 kwa kila tarehe.

Seli ulizounganisha ili kichwa kipendeze, zitenganishe kwanza. #DIV/0! na ndugu zake, ondoa.

Bosi aking'ang'ania grafu ileile ya Excel, inakili kama picha uibandike kwenye ripoti. Ila mwambie mapema: michango ya mwezi ujao ikiingia, picha hiyo haitasonga hata kidogo.