Kuhamia Toleo Jipya la Kiini cha Linux: Namba, Ahadi na Usalama

Utangulizi

Makala haya yanafafanua mambo ambayo msimamizi wa kompyuta hana budi kuyapima kabla ya kuhamia toleo jipya la kiini cha Linux. Kiini, ambacho wataalamu wengi hukiita keneli, ni sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia kumbukumbu, diski, mtandao na zamu za programu katika prosesa. Kwa kuwa msimbo wake ni huria, mtu yeyote anaweza kulipakua toleo jipya siku ileile linapotolewa, na matoleo hutolewa kila baada ya wiki 9 au 10. Urahisi huo unazua swali: ni kigezo gani kitumike kuamua wakati wa kuhama? Hoja ya makala haya ni kwamba ukubwa wa namba ya toleo haufai kuwa kigezo. Kinachopaswa kupimwa ni ahadi ambazo wasanidi wanazitoa na wasizozitoa, pamoja na uhakika wa kupata marekebisho ya usalama.

Namba ya Toleo

Mnamo Julai 2011, toleo 2.6.39 lilifuatwa na 3.0. Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, alieleza kwamba hapakuwa na badiliko kubwa la kiufundi lililolazimisha namba hiyo. Vivyo hivyo, 3.19 ilifuatwa na 4.0 mwaka 2015, 4.20 ikafuatwa na 5.0 mwaka 2019, na 5.19 ikafuatwa na 6.0 mwaka 2022. Namba ya kwanza ilipandishwa pale ya pili ilipofika 20 au kuikaribia.

Hata hivyo, badiliko la mwaka 2011 lilikwamisha baadhi ya programu, kwa sababu ziliandikwa zikitarajia namba inayoanza na 2.6. Wasanidi hawakuziacha programu hizo zife. Waliongeza njia ya kukifanya kiini kijitambulishe kwazo kana kwamba bado kimo katika mfululizo wa zamani, hata toleo 3.1 likasomeka kuwa 2.6.41.

Mpaka wa Ahadi

Tukio hilo linadhihirisha kanuni kuu ya mradi huu. Programu iliyofanya kazi katika kiini cha zamani inapaswa kuendelea kufanya kazi katika kiini kipya; ikikwama, kosa huhesabiwa kuwa la kiini.

Ahadi hiyo, hata hivyo, inaishia kwenye ukingo wa kiini. Ndani yake, namna viendeshi vya vifaa vinavyowasiliana na sehemu nyingine inaweza kubadilishwa wakati wowote. Kiendeshi kilichomo katika msimbo mkuu hurekebishwa na yule yule anayeleta badiliko. Kiendeshi kinachosambazwa kando na mtengenezaji wa kifaa hulazimika kujengwa upya kwa kila toleo, na wakati mwingine kuandikwa upya. Ndiyo maana, baada ya kuhama, programu zote za mtumiaji zinaweza kufunguka vizuri ilhali kadi ya mtandao haionekani.

Athari hiyo hupunguzwa na utaratibu wa usakinishaji. Kwa kawaida kiini kipya huwekwa kando ya kile cha zamani, na moduli za kila toleo hukaa katika saraka yake. Kompyuta ikishindwa kuwaka, mtumiaji huchagua kiini cha awali kwenye menyu ya kuwashia. Lakini kinga hii inamhitaji mtu anayeweza kuifikia menyu hiyo. Kwa seva iliyo mbali isiyo na njia ya dharura ya kuifikia, kinga hiyo haimsaidii msimamizi.

Upya na Usalama

Baadhi ya wasimamizi huamini kwamba kiini cha zamani ni salama kwa kuwa kimezoeleka. Wengine huamini kinyume chake. Mifano miwili inazipinga imani zote mbili. Udhaifu ulioitwa Dirty COW ulirekebishwa Oktoba 2016, ilhali ulikuwamo tangu toleo 2.6.22 la mwaka 2007. Kwa upande mwingine, Dirty Pipe, uliotangazwa Machi 2022, uliweza kutumiwa kuanzia toleo 5.8 la mwaka 2020. Waliobaki katika mfululizo wa 5.4 hawakuathirika, na waliohama ndio waliokuwa hatarini. Marekebisho yalitolewa katika 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Hivyo basi, mtumiaji wa 5.10 hakuhitaji kukimbilia mfululizo mpya. Alihitaji kuwa katika mfululizo ambao bado unatunzwa.

Hitimisho

Kutokana na ufafanuzi huu, msimamizi anapaswa kujiuliza maswali matatu. Je, mfululizo anaoutumia bado unapokea marekebisho? Je, kuna kiendeshi anachokitegemea kilicho nje ya msimbo mkuu? Je, mashine ikigoma kuwaka, nani ataifikia menyu ya kuwashia? Mfululizo ukiwa umefungwa, kuhama ni lazima, na maswali mawili yanayosalia yanamwonyesha afanye maandalizi gani. Ukiwa bado unatunzwa, kusakinisha marekebisho yake kwa wakati kuna manufaa zaidi kuliko kuifuata namba mpya.