Uzani unaporejea baada ya upasuaji wa kupunguza unene

WENGI wanaofanyiwa upasuaji wa kupunguza unene huamini kwamba wakishatoka hospitalini, vita vyao na mizani vimekwisha. Mwaka wa kwanza huonekana kuthibitisha imani hiyo. Nguo za zamani hupwaya, magoti hupata nafuu na dawa za kisukari hupunguzwa. Kisha, kati ya mwezi wa 12 na wa 24, uzani huacha kushuka. Baadaye huanza kupanda tena, polepole.

Hapo ndipo wagonjwa wengi huona haya. Huacha kuhudhuria kliniki kwa kuhofia kukaripiwa, na nyumbani hukabiliwa na swali la jamaa: pesa zote zile zilikwenda wapi? Kujificha huko kunaweza kudhuru kuliko kilo zenyewe, kwa sababu kisukari na shinikizo la damu huweza kurudi kimyakimya huku mhusika akidhani bado amepona.

Ukweli ni kwamba kurejea kwa sehemu ya uzani ni jambo la kutarajiwa. Utafiti mashuhuri ulioanza nchini Uswidi mwaka wa 1987 ulifuatilia zaidi ya watu 4,000 wanene, baadhi yao wakiwa wamefanyiwa upasuaji na wengine wakitibiwa kwa njia za kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2007 yalionyesha kuwa waliofanyiwa upasuaji wa kupitisha chakula njia ya mkato walikuwa wamepoteza asilimia 32 ya uzani wao katika mwaka wa kwanza au wa pili. Baada ya miaka 10, kiwango hicho kilikuwa asilimia 25.

Kwa mtu aliyekuwa na kilo 130, hiyo ni sawa na kushuka hadi takriban kilo 88, kisha kupanda hadi karibu kilo 98. Kilo 10 zimerudi, naam, lakini zaidi ya 30 hazikurudi. Ambao hawakupasuliwa walibaki karibu pale pale walipoanzia.

Habari ya kisukari ndiyo inayopaswa kuwatia watu hadhari. Katika utafiti huo huo, miongoni mwa waliokuwa na maradhi hayo kabla ya kupasuliwa, asilimia 72 hawakuwa nayo tena baada ya miaka miwili. Kufikia mwaka wa 10, waliosalia bila ugonjwa huo walikuwa asilimia 36 pekee.

Kwa nini hali iwe hivyo? Aghalabu lawama hurushiwa ulafi, na lawama hiyo si ya haki. Mwili wa binadamu huchukulia kupungua kwa uzani kama dalili ya njaa, nao hujihami. Hupunguza nishati unayotumia na kuchochea hamu ya kula. Homoni moja inayochangia hamu hiyo ni grelini, ambayo wanasayansi wa Japani waliigundua mwaka wa 1999. Hutengenezwa zaidi katika sehemu ya juu ya tumbo, ile ile inayoondolewa katika upasuaji unaoacha tumbo likiwa jembamba mithili ya ndizi. Hii ndiyo sababu moja ya njaa kutulia mwanzoni. Hata hivyo, kwa wengi njaa hurudi miezi inavyosonga.

Tumbo lenyewe nalo huweza kutanuka, pamoja na tundu linalopitisha chakula kuingia katika utumbo. Ila kutanuka huko hakuelezi kila kitu, na anayekimbilia kudai kukatwa tena huenda akawa ametibu kisichouma.

Lililo muhimu ni jinsi chakula kinavyoingia. Tumbo dogo huzuia sahani kubwa ya ugali na nyama, lakini haliwezi kuzuia soda, chai iliyokolea sukari, uji mtamu au maji ya matunda. Vyote hivyo hupita upesi bila kushibisha. Vivyo hivyo kwa biskuti, mandazi na vibanzi vinavyodonolewa kutwa nzima, kidogo kidogo. Pombe pia ni hatari ya pekee: baada ya upasuaji wa njia ya mkato huingia kwenye damu kwa kasi zaidi, na watafiti wa Marekani waliripoti mwaka wa 2012 kuwa matatizo ya ulevi yaliongezeka katika mwaka wa pili baada ya upasuaji.

Aidha, zipo dawa zinazonenepesha, zikiwemo insulini, dawa za jamii ya steroidi na baadhi ya zile za maradhi ya akili. Mgonjwa asiziache mwenyewe; amwulize daktari iwapo ipo mbadala.

Anayeona mizani ikipanda mfululizo kwa miezi kadhaa anafaa kurudi kliniki mapema, badala ya kujinyima chakula kwa siri. Kwa kawaida atapimwa damu, atahojiwa kuhusu mlo, usingizi na msongo wa mawazo, na huenda akachunguzwa tumbo kwa kamera. Wataalamu wa lishe hushauri gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, kwa mfano kutoka kwa mayai, samaki, maharagwe au kuku, zikiliwa kabla ya wanga. Vitamini na madini hayaachwi maisha yote.

Siku hizi kuna pia dawa za sindano. Saxenda iliidhinishwa nchini Marekani kwa kupunguza uzani mwaka wa 2014 na Wegovy mwaka wa 2021, na madaktari huzitumia kwa baadhi ya watu ambao uzani wao umerejea. Ni ghali, na zikiachwa, kilo nyingi hurudi.

Upasuaji wa pili huachwa uwe wa mwisho. Makovu ya ule wa kwanza huufanya kuwa mgumu, hatari ya tumbo kuvuja au kuambukizwa huongezeka, na kilo zinazopungua huwa chache kuliko za mara ya kwanza. Daktari huupendekeza hasa pale vipimo vinapoonyesha kasoro katika umbo la tumbo lililoshonwa.