Kivuli Pasipo Mwezi



Wengi wenu mmesikia habari ya kijana wa klasi ya pili aliyetoka kwenda choo saa kumi ya usiku, kiisha akarudi mbio dortwari akilia kwamba mtu mweusi anamfuata ukutani. Mwezi haukuwako. Taa zote zilikuwa zimezimwa. Sisi prefe tukamwambia: pasipo mwezi hakuna kivuli, unasema uongo. Tukampa azabu ya kukata majani siku tatu. Wengine wakaanza kunong'ona maneno ya uchawi, wakakataa kulala karibu naye, na hiyo njo ilikuwa mbaya kupita majani.

Mwalimu wa fizike alituuliza neno moja tu: «Mlienda kuangalia?» Hatukuenda.

Basi tukaenda, watu wanne, saa ile ile, fasi ile ile. Ukuta wa dortwari umepakwa chokaa na unatazama mashariki. Mbele yake, juu ya miti, ilikuwa nyota ya asubuhi, ile inayoitwa Vénus, na watu wa pwani wanaiita Zuhura. Mwanzo hatukuona kitu, maana tulikuja na tochi. Tukazima, tukangoja karibu nusu saa, baridi ikitupiga. Kiisha mmoja wetu akapitisha mkono mbele ya ukuta, na mkono mwingine ukapita juu ya chokaa. Hafifu sana, lakini vidole vyote vitano viko!

Sasa, namna gani? Jua linashinda mwezi mzima kwa mwangaza mara 400,000 hivi. Mwezi mzima nao unashinda Zuhura zaidi ya mara 1,000, hata Zuhura ikiwaka sana. Tulidhani mwangaza kidogo hivyo hauwezi kitu. Lakini kivuli hakiombi mwangaza mwingi. Kinaomba mwangaza utoke upande mmoja, na pande zingine ziwe giza. Nyota za kawaida ziko nyingi, kila moja inajaza kivuli cha mwenzake. Zuhura inazishinda zote, njo maana kivuli chake kinabaki. Na macho yanataka muda kuzoea giza. Yule kijana alitoka usingizini, macho yake yalikuwa tayari. Sisi tunatembea na tochi, tungeonaje?

Kuna jambo lingine lilitushangaza. Kivuli cha mwezi kina kando za ukungu: ukisimama metre moja kutoka ukutani, kando inapotea kwa upana wa karibu sentimetre moja, kwa kuwa mwezi unaonekana mpana. Zuhura kwa macho ni nukta tu, kwa hiyo kando za kivuli chake ni kali, kama zimekatwa kwa wembe. Pengine hiyo ndiyo iliyomwogopesha mtoto.

Msiitafute usiku wa manane. Zuhura haiendi mbali na jua: inaonekana mashariki kabla ya mapambazuko, ao magharibi baada ya jua kushuka, kwa saa tatu hivi tu, na kuna majuma ambapo haionekani kabisa.

Nyota nyingine iliwahi kuishinda. Mwaka 1006 nyota ililipuka mbali kabisa, na Ali ibn Ridwan, mganga wa Misri, aliandika kwamba mwangaza wake ulipita kidogo robo ya ule wa mwezi. Mwangaza wa namna hiyo ungetupa kivuli hata mbele ya mtu mwenye haraka.

Majani yaliyobaki nyuma ya dortwari tumeyakata sisi prefe, siku ya posho, mbele ya wote. Kijana amerudi kitandani pake. Anayetaka kuona aje kwetu saa kumi kasoro robo, pasipo tochi, na ajiletee koti.